Fedha za dharura zifike kaunti

Mhariri,

Mwaka 1984, katika mji wa The Dalles, jimbo la Oregon, Marekani, watu 751 waliugua baada ya wafuasi wa dhehebu moja kutia bakteria wa salmonela kwenye saladi za mikahawa. Malalamiko ya kwanza yalifika ofisi ya afya ya pale pale, si kwa serikali kuu kule Washington.

Baada ya barua zilizotiwa bakteria wa kimeta zilizoua watu 5 mwaka 2001, serikali kuu ya Marekani iliongeza sana ruzuku ya maandalizi ya dharura za afya inayotolewa kupitia CDC, shirika lake la kudhibiti magonjwa. Fedha hizo hupewa majimbo, maeneo yaliyo chini ya Marekani na majiji machache makubwa. Kaunti ndogo hukaa zikingoja jimbo ligawe. Na hofu ikipoa, bajeti nayo hupunguzwa.

Mtaalamu wa magonjwa ya mlipuko haajiriwi siku ya mlipuko. Anatakiwa awepo leo, akihesabu wagonjwa wa kuhara, kazi ambayo hakuna mwanasiasa anayeikimbilia kupiga nayo picha. Jenereta ya friji za chanjo nayo ijaribiwe kabla umeme haujakatika.

Naomba wabunge wa Marekani waandike fungu la kaunti ndani ya sheria yenyewe ya ruzuku hiyo, la miaka kadhaa kwa mpigo. Mtumishi wa mkataba wa mwaka mmoja huanza kutafuta kazi nyingine mwezi wa nane wa mkataba huo.

Msomaji wenu