Dawa ya Moto au ya Baridi? Tuambie Kabla Hatujakata Ndimu

Baridi ya Juni ikianza kung'ata hapa Arusha, lawama ni ile ile: mtu ana mafua, anaagiza dawa, analetewa glasi ya barafu yenye pombe. Anaona ameibiwa. Jamani, kwenye menyu yetu dawa ni mbili. Ya moto ni tangawizi, ndimu na asali, haina kilevi. Ya baridi ni kokteli, na ndiyo ya shilingi 15,000.

Kokteli hiyo ni mtoto wa caipirinha ya Brazili, jina linalotokana na caipira, yaani mtu wa shamba. Wabrazili hutumia kashasa, pombe kali ya juisi ya miwa. Huku kwetu ikaingia vodka, ikaongezwa asali, na mkahawa wa Carnivore wa Nairobi, uliofunguliwa 1980, ukaivumisha. Jina ni utani tu: ndimu na asali ndizo anazokupa bibi ukikohoa. Kutibu haitibu, na kama umemeza vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, usiiguse.

Sasa hiyo bei. Nusu ndimu inakatwa vipande vinne, inaminywa kwa mchi mdogo pamoja na kijiko cha chai cha sukari, mara tano au sita basi. Ukiitwanga kama kisamvu, ganda linatoa uchungu ambao asali yote ya Tabora haiufuti. Inafuata vodka mililita 50, barafu iliyopondwa hadi ukingoni, halafu kijiti kilichozungushiwa asali.

Kijiti ndicho chenye ugomvi. Kwenye ubaridi asali inakaza, haiyeyuki upesi, ndiyo maana tunakuachia ukoroge mwenyewe: koroga kidogo, onja, koroga tena. Ukisema "punguza barafu", vodka haiongezeki, kipimo ni kile kile. Barafu chache ndiyo inayoyeyuka haraka na kukuachia maji.

Wenye sherehe nao hutuomba tuchanganye ndoo nzima asubuhi ili gharama ishuke. Ikifika jioni maganda yameshatoa uchungu, asali imelala chini, na mwenye shughuli anatuma mtu akanunue kreti za soda za kuizimulia. Sisi tunakuja na barafu nzima, tunaiponda pale pale, na ndimu tunazikata wageni wakianza kuingia. Kazi hiyo ina watu wake, na watu hao wanalipwa.

Ukiita mhudumu, sema "dawa ya moto" au "dawa ya baridi".