Ua la Usambara lising'olewe, jani moja latosha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wapenzi wa maua, hasa wale wanaopanda milimani hadi Amani, katika Usambara Mashariki, kutembea na kurudi mjini na miche iliyong'olewa msituni. Siku chache zilizopita, nikiteremka kutoka huko, nilimkuta kijana kando ya barabara akiuza ndoo nzima ya maua madogo ya zambarau, yenye majani mazito ya manyoya laini, mizizi yake ingali na udongo mweusi wa mwambani. Aliwahakikishia wateja kwamba maua hayo hayana kazi kuyatunza: yawekwe juani na yamwagiwe maji kila siku. Sijui maelekezo mengine yanayoweza kuyaua upesi zaidi ya hayo.

Ua hilo ndilo ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa afisa wa serikali ya kikoloni Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Wataalamu wameliingiza tangu 2015 katika jenasi, yaani ukoo mdogo wa mimea, iitwayo Streptocarpus, jambo ambalo halimpunguzii wala kumwongezea kitu mwenye chungu dirishani. Huko Ulaya na Marekani limezalishwa aina maelfu, ilhali kwao asilia, ambako ni misitu yenye unyevu ya Tanzania na Kenya, baadhi ya aina zake zimo hatarini kutoweka. Ukataji wa miti ndio unaoliumiza zaidi, kwa kuwa mwamba ukishakosa kivuli ua hukauka. Lakini mahali ambapo mimea ya aina fulani imebaki kwenye miamba michache tu, ndoo moja ya muuzaji si jambo dogo.

La kusikitisha ni kwamba hakuna haja ya kung'oa. Mwombe mwenzako anayelifuga nyumbani jani moja lililokomaa, si la nje kabisa lililochoka wala la katikati lililo changa, ulikate pamoja na kikonyo chake, ukibakiza urefu wa sentimita tatu hivi. Kichomeke kikonyo hicho kwenye mchanga wa mtoni uliochanganywa na mboji ya majani, uloweshe kidogo, kisha ulifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Baada ya mwezi hivi litakuwa limetoa mizizi, na baada ya miezi miwili au mitatu vichipukizi vitaonekana shinani. Hapo ndipo wengi hukosa subira na kulifukua jani ili kuchungulia, tafadhali liacheni.

Mche ukishahamishwa, upewe chungu kidogo chenye tundu, kwani katika chungu kikubwa udongo hukaa na maji muda mrefu na mizizi huoza. Mimi huongeza vipande vya makaa ili maji yapite. Uwekwe penye mwanga mwingi usio wa jua kali. Baraza inayopata jua la asubuhi tu inafaa, hata hapa Tanga wakati wa kaskazi, mradi hewa ipite. Maji yatiwe kwenye kisahani pale udongo wa juu unapokauka, na yale yatakayosalia baada ya nusu saa yamwagwe. Maji ya baridi yakidondokea majani huacha mabaka yasiyofutika, na hilo ndilo kosa nililolirudia mimi mwenyewe mwaka mzima, nikidhani ni ugonjwa na kununua dawa ya bure.

Ninavyo sasa vyungu kumi na vinne barazani, vyote uzao wa jani moja nililopewa na jirani likiwa limefungwa kwenye kitambaa kibichi. Kijana yule wa barabarani angeweza kuuza miche ya namna hiyo mwaka hadi mwaka bila kugusa mwamba, na ningependa maofisa wa misitu wanaomkataza wamfundishe pia.

Msomaji wako,
Tanga