Chaneli ya Muziki Imepotea na Dishi Lako Ni Zima: Kwa Nini Bado Tunatoza Ada ya Kupima

Sisi mafundi wa madishi hapa Mtwara tumesikia malalamiko ya ada ya kupima yakijirudia hadi tumeona bora tuyajibu kwa maandishi. Mteja wetu mmoja wa Chikongola amekuwa akiwaambia majirani zake kwamba tumemla hela. Fundi alifika, akapanda juu, akapima, akashuka, akasema dishi ni zima, chaneli haikurudi, na shilingi 15,000 ikaenda. Yote hayo yalitokea. Tunachokataa ni hilo la kuliwa hela, maana siku ile mzee wetu alipata jibu sahihi, na jibu hilo lilimwepusha kununua LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) na resiva ambavyo hakuvihitaji.

Chaneli aliyoipoteza ni ya shirika la utangazaji la umma la nchi ya nje, ile iliyokuwa ikirusha okestra na kwaya kubwa Jumapili usiku. Mzee ni mwanakwaya wa siku nyingi. Alisimika dishi la futi sita kwa ajili ya vipindi hivyo tu, na hatumlaumu kukasirika. Kitu ulichokizoea kikikatika ghafla, wa kwanza kushukiwa ni fundi aliyekufungia.

Sasa fundi alifanya nini kule juu? Kwenye resiva kuna mistari miwili, wa nguvu na wa ubora. Wateja wengi hutazama ule wa nguvu. Wakiuona umejaa wanaamini mawimbi yanaingia. Huo unakuonyesha zaidi kwamba LNB inapata umeme na kebo haijakatika. Wa ubora ndio unaosema kama dishi linaitazama setilaiti yenyewe. Tukishaona ubora uko sawa, tunatafuta chaneli nyingine iliyo kwenye masafa yaleyale na ile iliyopotea. Mwenzake akionekana safi, bila kuganda, kosa haliwezi kuwa la dishi. Mawimbi ya chaneli hurushwa kwa namna mbili, ya mlalo na ya wima; zingepotea zote za mlalo na za wima zikabaki, au kinyume chake, tungeishuku LNB. Zingepotea zote kabisa, tungeanza na kebo na konekta, kisha tuangalie kama upepo wa kusi umelisogeza dishi.

Mwenzake alikuwepo, safi kabisa. Hata hivyo fundi alifungua konekta, kwa sababu nyumba haiko mbali na bahari na sisi hatushuki bila kuiona. Ule waya wa shaba wa katikati ulikuwa umeshaota kutu ya kijani. Akakata kipande kidogo cha kebo hadi palipokuwa na shaba inayong'aa, akavalisha konekta mpya, akaizungushia tepu ya mpira, akaacha kebo ining'inie kidogo ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia ndani. Hayo yote yamo kwenye ile 15,000. Kisha akatafuta chaneli upya masafa yote, asije akawa anailaumu chaneli kumbe imehama tu. Haikuwepo. Tuliporudi dukani tukasoma tangazo la wenyewe: wameondoka kwenye setilaiti ile, wanapatikana kwenye intaneti, sababu ni kubana matumizi. Tukampigia simu tukamweleza.

Njia ya mkato ndiyo inayowagharimu watu. Mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Shangani aliona elfu kumi na tano ni nyingi kwa mtu wa "kuangalia tu". Akamwita kishoka, fundi wa mitaani. Kishoka akasema resiva imekufa, ikanunuliwa mpya. Chaneli haikuja. Akasema basi ni LNB, ikanunuliwa. Haikuja. Akapanda na spana akaanza kuzungusha dishi lenyewe, na hapo chaneli zilizokuwa zikionekana nazo zikaondoka, wageni wakawa wanatazama ukuta. Tulipoitwa tulikuta nati zimelegezwa na alama tuliyoichora kwenye paipu siku ya kusimika imefutika. Kulielekeza upya dishi la futi sita ni kazi ya nusu siku ikiwa jua ni kali, kwa sababu ukilikosea kidogo tu unaikosa setilaiti nzima. Alilipa resiva, LNB, kishoka, na kisha sisi. Chaneli aliyoitaka ilikuwa imefungwa tangu mwanzo.

Ndugu wateja, tukisema chaneli ni ya bure tuna maana kwamba wewe huilipii. Kuna mtu anailipia. Nafasi kwenye setilaiti hukodishwa, na chaneli ni kama abiria wa basi la Dar: nauli isipolipwa anateremshwa, na basi linaendelea na safari. DW hulipiwa na kodi za Wajerumani. NHK World hutegemea ada wanayolipa Wajapani majumbani mwao, ada ambayo ilipunguzwa kwa asilimia 10 Oktoba 2023. Ufaransa ilifuta ada ya televisheni mwaka 2022, na mashirika yake ya umma sasa yanangoja mgawo wa kodi nyingine. Wanabishana bungeni kwao, na sisi huku Mtwara tunaona kioo cheusi.

Kilichotokea Marekani ndicho kikubwa zaidi kwa miaka hii. Julai 2025 Bunge lao lilifuta dola takriban bilioni 1.1 zilizokuwa zimeshatengwa kwa miaka miwili kwa shirika liitwalo Corporation for Public Broadcasting. Shirika hilo liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na kazi yake ilikuwa kugawa fedha za serikali kwa vituo zaidi ya 1,500 vya redio na televisheni za umma. Tarehe 1 Agosti likatangaza kwamba linafunga shughuli zake. PBS, mtandao wao wa televisheni ya umma, ukapunguza bajeti kwa asilimia 21. Vituo vya miji mikubwa vina wafadhili na wasikilizaji wenye uwezo wa kuchangia. Vya vijijini, kama vile vya Alaska, baadhi vilikuwa vikitegemea fedha hizo kwa zaidi ya nusu ya bajeti yao.

Wapenzi wa muziki wasikilize hapa. Shirika lile lile lililokuwa likigawa fedha ndilo lililokuwa likijadiliana na kulipia haki za muziki kwa niaba ya vituo vyote kwa pamoja. Wimbo ukipigwa hewani, mtunzi anastahili kulipwa, na ndivyo inavyopaswa. Kwa pamoja bei inapatikana nafuu. Kituo kidogo kikiachwa peke yake, meneja anaangalia hesabu anaona ni heri aweke watu watatu na meza wazungumze saa nzima.

Miezi michache kabla ya hapo, Machi 2025, Sauti ya Amerika nayo ilinyamazishwa, wafanyakazi zaidi ya 1,300 wakapewa likizo ya lazima. Baadhi ya stesheni zake za lugha zilijikuta zinapiga muziki mtupu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kusoma habari. Wazee kadhaa walituletea redio za mkononi wakisema masafa mafupi yamekufa, tubadilishe antena. Hatukubadilisha antena ya mtu yeyote. Tuliwaeleza, na pale hatukutoza hata senti. Sauti ya Amerika ndiyo iliyokuwa nyumba ya Music Time in Africa, kipindi kilichoanzishwa mwaka 1965 na Leo Sarkisian, aliyezunguka bara hili na mashine ya kurekodi akikusanya ngoma na bendi zetu.

Kwa nini muziki huondolewa mapema? Kwa sababu muziki mzuri ni ghali kuutengeneza na hauna wa kuutetea bungeni. Habari ina wanasiasa wanaoitaka, mpira una matangazo ya bia. Kwaya ina sisi tu. BBC Four, chaneli ya sanaa na muziki ya Waingereza, tangu mwaka 2021 iligeuzwa kuwa ya marudio kwa sehemu kubwa. Machi 2023 BBC ikatangaza kuivunja BBC Singers, kwaya iliyokuwapo tangu 1924, na kupunguza asilimia 20 ya nafasi za wanamuziki wa okestra zake za England. Waimbaji na wasikilizaji walipiga kelele kwa nguvu hadi uamuzi wa kuivunja kwaya ukasitishwa. Ugiriki ilikuwa mbaya zaidi. Usiku wa tarehe 11 Juni 2013 serikali ilizima ERT, televisheni na redio ya taifa, ikawaachisha kazi watu zaidi ya 2,600. Okestra na kwaya ya shirika hilo walikusanyika wakapiga na kuimba huku waimbaji wakilia. Ada yake ilikuwa euro nne na ushee kwa mwezi, ikikatwa kwenye bili ya umeme. ERT ilifunguliwa tena baada ya miaka miwili kamili, Juni 2015.

Na kwetu? TBC haina ada ya televisheni ya kila nyumba. Inaendeshwa kwa bajeti ya serikali na matangazo ya biashara. Wengine huidharau kwa kuwa picha yake haimetameti kama za kulipia. Sisi hatuidharau, kwa sababu ndiyo mrithi wa RTD (Redio Tanzania Dar es Salaam), na RTD ndiyo iliyorekodi bendi zetu wakati nchi haina studio nyingine ya maana. Kwa miaka mingi, hadi redio binafsi zilipoanza miaka ya 1990, bendi isiyorekodi pale haikusikika Lindi wala Newala. Kanda zile za sumaku ni urithi. Zinahitaji chumba kikavu, mashine inayofanya kazi, na mtu anayelipwa mshahara kuzihamishia kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Bajeti ikikatwa, mtu huyo ndiye hukosekana, na hakuna mtazamaji atakayegundua siku hiyo, maana kioo hakizimiki.

Kuna wanaotuambia, "Si mwende intaneti tu?" Mwalimu mmoja wa kwaya Masasi alikuwa akiwaonyesha vijana wake tamasha zima kwa dishi, saa mbili, bila gharama. Leo anapaswa kununua bando, na vijana kumi na kitu wanabanana kwenye simu moja. Aliye mjini mwenye intaneti ya nyumbani halioni tatizo hilo.

Wengine wameuziwa viboksi vya "chaneli zote za dunia" kwa malipo ya mwaka mzima. Hiyo ndiyo njia ya mkato tunayoichukia kuliko zote. Wenye viboksi hivyo hawana kituo. Wanachota matangazo ya wengine na kuyauza. Chanzo kikifungwa, nacho kinakauka, na namba ya simu ya muuzaji haipatikani. Mteja mmoja wa Ligula alitujia na kiboksi chake mkononi akitaka tukirekebishe. Kilikuwa kizima. Hatufungi viboksi hivyo na hatuchakachui kadi, hata ukitupa mara mbili ya bei.

Turudi kwenye bei, maana najua ndiyo mnayoisubiri. Ada ya kupima mjini Mtwara na Mikindani itabaki 15,000. Ndani yake kuna fundi mwenye mita ya kupimia mawimbi, ngazi, konekta mbili, tepu, kutafuta chaneli upya, na kukuandikia kwenye karatasi ubora wa mawimbi tuliouacha, ili siku nyingine mtu akikwambia dishi limehama uwe na cha kulinganisha. Tukikuta hitilafu ukakubali tuitengeneze, ada hiyo inaingizwa kwenye bei ya kazi. Tukikuta chaneli imefungwa na wenyewe, ada inabaki, lakini tunakutafutia mbadala unaopatikana bure kwenye setilaiti hiyohiyo na kukupangia orodha upya. Kuna anayetoza 5,000. Muulize kama ana mita, au anapima kwa kutazama TV yako kupitia dirishani huku mtoto akimpigia kelele "imekuja, imepotea".

Kabla hujatupigia, fanya mambo haya, hayana gharama. Fungua chaneli tatu au nne nyingine. Kama zote ni safi na ni moja tu iliyopotea, usimruhusu mtu yeyote kugusa dishi. Andika jina la chaneli na masafa yake yanayoonekana ukibonyeza kitufe cha taarifa kwenye rimoti, au piga picha kioo ututumie kwa WhatsApp. Mara nyingi tutakujibu kwa simu kama imehama au imefungwa, na kwa jibu la simu hatutozi chochote. Usibonyeze kurudisha resiva kwenye mipangilio ya kiwandani. Utafuta chaneli zote na kazi itakuwa kubwa zaidi.

Wateja wa Newala, Tandahimba na Nanyamba, nauli ya fundi ni juu yenu, kwa hiyo tunawapanga siku moja ili mgawane. Msimu wa korosho ukianza foleni ya kusimika madishi mapya huwa ndefu, na wanaohitaji kupimiwa tu husubiri. Wahini kabla ya Oktoba.