Malalamiko kuhusu safari ya Kilembe: tulilipia kibali na mwongozaji, hatukupewa

Kampala

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja

YAH: MADAI YA KUREJESHEWA FEDHA NA KULIPWA KWA MZEE ALIYETUONGOZA KILEMBE

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi na ndugu zangu tulinunua kwenu ile safari ya Kasese na Kilembe mnayowatangazia watu wa begi mgongoni wanaotaka kuona magofu ya mgodi wa shaba. Risiti yenu imeandika usafiri kutoka Kampala, malazi, kibali cha kuingia eneo la mgodi, na mwongozaji mwenyeji. Usafiri tuliupata. Malazi nayo tuseme tuliyapata, ingawa mlituahidi nyumba ya wageni tulivu kule Kilembe, tukalazwa Kasese mjini juu ya baa iliyopiga muziki mpaka alfajiri. Hilo nimelisamehe. Ila kibali na mwongozaji ndivyo vilivyotuleta kwenu. Mabasi ya Kampala kwenda Kasese yapo kila siku, na kupanda boda boda hadi Kilembe hakuhitaji kampuni.

Mhudumu wenu alinijibu kwenye WhatsApp kwamba kibali ni jukumu la mteja, na kwamba "mlitembea, mlipiga picha, tatizo liko wapi?" Naomba basi nieleze tatizo liko wapi.

Asubuhi ile dereva wenu alitufikisha kwenye geti la mgodi. Askari akatoka, akasalimia vizuri, akauliza kibali. Dereva akatugeukia sisi. Sisi tukamgeukia yeye. Akapiga simu ofisini kwenu, ikaita mpaka ikakatika. Akarudia, ikawa haipatikani. Ndipo akamvuta askari pembeni, na wote tuliona noti iliyokunjwa mkononi mwake. Askari aliikataa kwa sauti ambayo hata watoto waliokuwa wakitutazama ng'ambo ya barabara waliisikia. Fikiria aibu hiyo, Ndugu Meneja: wageni wanne na mabegi yao, wamesimama wakidhaniwa wamekuja kuhonga mlinzi.

Simlaumu sana dereva. Alituambia mwenyewe kwamba aliambiwa habari za safari hiyo jana yake usiku, na kwamba hakuna aliyemtajia kibali. Ninalomlaumu ni lile lililofuata, na hata hilo nadhani alilifanya kwa kuogopa kurudi na wateja wenye hasira. Alituzungusha nyuma ya nyumba za kota, tukapita kwenye migomba hadi mahali ambapo uzio wa waya umepasuka, akasema tupenye haraka, mdomo wa handaki uko karibu.

Aliyetuzuia ni mzee mmoja aliyekuwa barazani kwake akichambua maharage kwenye ungo. Hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akaja polepole. Tukamwamkia shikamoo, akatabasamu kwanza, maana kule si salamu ya kila siku, kisha akaitikia marahaba.

"Wanangu, mnaenda wapi?"

"Tunataka kuona handaki, mzee."

"Humo mimi niliingia nikiwa kijana, na taa, na watu wa kunitafuta nisiporudi. Sasa nani atawatafuta nyie? Ndani kuna maji, na hewa mbaya haina harufu."

Akatuonyesha kipande chake cha kazi, kisahani kidogo cha chuma chenye namba, tundu lake limelika kwa kutundikwa. Akaeleza kwamba kila anayeshuka alikuwa na chake, na mwisho wa zamu wanaangalia ubao: ambaye kipande chake hakijarudi, bado yuko chini. Nawauliza: sisi tungepenya pale, kipande chetu kingekuwa wapi? Ofisini kwenu simu ilikuwa imezimwa.

Kuanzia hapo mzee huyo ndiye aliyeifanya kazi mliyolipwa ninyi. Alitutembeza kwenye njia za wazi ambazo hazihitaji kibali, huku akituonyesha kwa mkono majengo yaliyo ndani ya uzio. Sisi tuliosoma jiografia ya Afrika Mashariki shuleni tulilijua jina la Kilembe kwenye daftari tu: shaba, basi. Yeye alitueleza jinsi reli ilivyofika Kasese mwaka 1956, mgodi ukaanza kuzalisha mwaka huohuo, na mzigo ukawa unasafirishwa kwa treni hadi Jinja kuyeyushwa, kwa sababu umeme wa bwawa la Owen Falls ulikuwa kule. Alitueleza jinsi kazi ilivyodhoofika miaka ya 1970 mpaka uchimbaji ukasimama mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alitueleza pia kwamba masalia ya mawe yaliyorundikwa Kasese yalikuwa na kobalti, aina nyingine ya madini, na baadaye kiwanda kikaja kuitoa kwa kutumia bakteria. Hili la bakteria tulidhani anatutania. Nilipolitafuta usiku ule, nikakuta ni kweli.

Na alitupeleka mtoni. Tangazo lenu halina neno hata moja juu ya mto Nyamwamba, wakati ndio uliobomoa sehemu kubwa ya hayo mnayoyaita magofu. Ulifurika Mei 2013, ukarudia Mei 2020 ukaiharibu hospitali ya mgodi. Tuliona mawe makubwa ambayo watu kumi wasingeyasogeza, yamelala mahali ambapo mzee alisema palikuwa na nyumba za watu. Hakuna mchimbaji aliyeyaweka pale.

Hapa ndipo penye lalamiko langu kubwa kuliko hata la fedha. Mnauza Kilembe kama mji uliohamwa. Picha ya kwanza kwenye tangazo lenu ni safu ya nyumba za kota zenye mabati ya kutu, na ukiitazama vizuri utaona nguo zimeanikwa na sufuria iko jikoni. Watu wanaishi mle. Ni mji mtulivu, una shule, una makanisa, una mama anayeuza chapati na mayai kando ya barabara. Mama mmoja alipotuona na simu mikononi alitufuata akauliza kama tumetoka serikalini kuandika majina ya waliopoteza nyumba kwenye mafuriko. Tulipomwambia ni watalii, alisema "haya", akarudi ndani. Mlituuzia mbuzi kwenye gunia, lakini yule mama hakununua chochote kwenu, na bado mmemweka kwenye tangazo.

Kwa hiyo ninadai yafuatayo. Mturudishie sehemu ya malipo iliyoandikwa kwenye risiti kuwa ya kibali na mwongozaji, kwa sisi wote wanne. Mumlipe mzee ujira kamili wa mwongozaji kwa siku ile. Sisi tulimpa tulichokuwa nacho mfukoni na alikipokea kwa taabu, ila hiyo ilikuwa shukrani yetu na haiwaondolei ninyi deni. Mkihofia kwamba mtakayemtuma hatamjua mzee, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wa pale anamfahamu vizuri. Muiondoe picha ile ya nyumba za watu. Na msimpeleke tena mteja yeyote kwenye geti lile kabla ya kibali kuwa mkononi mwa dereva, kimeandikwa na kugongwa mhuri.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mkikaa kimya nitaifikisha kwa Bodi ya Utalii ya Uganda, ambayo ndiyo inayowapa leseni wenye kampuni za safari, na fedha nitazidai mahakamani kwa utaratibu wa madai madogo, unaopokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili. Nimeshauliza fomu.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, tangazo lenu kama lilivyokuwa siku tuliyolipa, na majibu ya mhudumu wenu ya WhatsApp. Nakala ya barua hii nimempa dereva pia, asije akaambiwa kwamba kosa lote ni lake.

Wenu,

Mteja, kwa niaba ya wasafiri wanne wa Kilembe