Dola imeshuka, mbona bei ya kompyuta haishuki?

Mhariri,

Januari 2024 dola moja ilivuka shilingi 160 za Kenya. Kompyuta ya mkononi ya dola 400 ikawa shilingi 64,000 kabla ya kodi, na kodi hutozwa kwa asilimia ya thamani hiyo, hivyo nayo ikapanda. Katikati ya mwaka dola ilikuwa karibu 130, yaani mashine ile ile 52,000. Nilirudi dukani kumnunulia binti yangu anayesomea uhasibu. Kikaratasi cha bei kilikuwa kile kile, pembe zimejikunja. Niliambiwa ni mzigo wa zamani. Lakini dola ilipopanda, mzigo wa zamani uliuzwa kwa bei mpya! Tunaomba wauzaji wateremshe bei upesi kama walivyoipandisha.

Mzazi, Nakuru