Orodha ya glaida ikishafungwa, ifungwe

Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wenzangu. Naandika kujibu barua iliyotoka kwenye ukurasa huu, ya yule ndugu aliyekua analalamikia viatu vya marathoni, alafu mwishoni akasema labda mchezo wa haki uliobaki duniani ni ule wa ndege zisizo na injini, yaani glaida, manake pale upepo ni wa Mungu na kila mtu anaupata sawa. Ndugu yangu, natamani ingekua hivo. Kwenye huo mchezo nina mwaka wa kumi na moja sasa na nilivyosoma ile sentensi yako nilishindwa kulala bila kuandika hii barua.

Mimi ni mtu wa Mweiga, Nyeri, pale penye kiwanja cha glaida ukielekea Aberdare. Tukiwa watoto tulikua tunasimama kwenye seng'enge tunaangalia ile ndege nyeupe inazunguka bila sauti, tunabishana kama kuna mtu ndani ama hamna. Sasa hivi niko Ujerumani, jimbo la Hesse, kazi yangu ni fundi bomba, na wikendi zangu zote za kiangazi zinaishia kwenye klabu ya glaida.

Kwa asiyejua, glaida inavutwa na ndege nyingine ama na winchi, ikifika juu inaachia kamba, kuanzia hapo rubani anatafuta hewa moto inayopanda, anazunguka ndani yake kama tumbusi, akipata kimo anakimbia mbele anatafuta nyingine. Ni tumbusi kweli, manake mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanasayansi Colin Pennycuick alikua anawafuata tumbusi wa Serengeti kwa glaida yenye kainjini kadogo, anazunguka nao hewa ile ile moja ajue wanapanda vipi. Kwenye mashindano mnapewa njia, tuseme kilomita 300 kupitia pointi kadhaa na kurudi nyumbani, kifaa cha GPS kinarekodi kila kitu, mwenye kasi zaidi anashinda. Anayetua njiani anapata pointi za umbali tu, za kasi hapati.

Sasa hapo kwenye "upepo ni wa Mungu". Upepo sawa, lakini mabawa yananunuliwa. Glaida ya mbao kama Ka 6, ambayo ilianza kuruka 1955, ukiwa mita 1000 juu kwenye hewa tulivu inakufikisha kama kilomita 30 hivi mbele kabla hujagusa chini. Glaida ya kisasa ya karboni yenye mabawa ya mita 18 kimo hicho hicho inakufikisha kilomita 50, na zile kubwa kabisa za klasi ya wazi, isiyo na kikomo cha urefu wa mabawa, zinapita 60. Kwa hiyo kama hewa moto inayofuata iko kilomita 40 mbele, mmoja anafika na mwingine anatafuta shamba la kutua, na hapo hatujaongelea akili ya rubani ata kidogo.

Ndo maana kuna klasi. Kuna ya mita 15, ya mita 18, ya viti viwili mita 20, ya wazi, na kuna ile ambayo mimi naipenda na ndo naiandikia barua hii, klasi ya klabu. Klasi ya klabu ni ya glaida za zamani, kina Standard Cirrus na LS4, hairuhusiwi kujaza maji kwenye mabawa ili glaida iwe nzito na iende haraka, na kila glaida ina namba yake ya hendikapu, yaani ya kusawazisha, glaida bora namba kubwa. Kasi yako inagawanywa kwa hiyo namba. Ukiruka kilomita 90 kwa saa na glaida ya namba 100 unabaki na 90 yako, mwenzako akiruka hiyo hiyo 90 na glaida ya namba 108 anahesabiwa kama 83 hivi. Wazo zuri sana, na ndo limefanya watu wa kawaida, walimu, mafundi, wanafunzi, waweze kushindana bila kuuza nyumba.

Sasa nieleze kilichotukuta. Kulikua na mashindano ya mkoa, sitayataja, sikuja hapa kuchafua jina la mtu. Tulijiandikisha mwezi wa kwanza na theluji bado iko nje, mzee mmoja wa klabu yetu na Ka 6 yake na mimi kama mtu wa chini, yaani ndo navuta trela, nashika ncha ya bawa wakati wa kuruka, nafuta wadudu kwenye mabawa. Orodha ya glaida zinazoruhusiwa ilikua imetoka, tukaisoma, tukaona glaida ya juu kabisa kwenye orodha haijatuacha mbali sana, tukalipa. Wiki tatu kabla ya mashindano tukatumiwa ujumbe kwamba orodha imepanuliwa, glaida mpya zaidi zimeruhusiwa kwa sababu waliojiandikisha ni wachache na nafasi lazima zijae, "hendikapu itasawazisha". Hakuna aliyetuuliza. Hela zetu zilikua zishaingia, likizo tumeshaomba kazini.

Siku ya tatu upepo ulikua unatoka magharibi, wa nguvu, na mguu wa mwisho wa njia ulikua unaelekea huko huko magharibi. Saa kumi na mbili na nusu jioni simu ikalia, mzee ameshatua. Nikamkuta kwenye shamba la shayiri iliyokwisha vunwa, kilomita 41 kutoka kiwanjani, glaida imelalia bawa moja, yeye amekaa kwenye mabua karibu na gurudumu anakula tunda alilopewa na mwenye shamba. Hakua amekasirika, alikua amechoka tu, shati limeloa lote mgongoni. Tukachomoa pini za mabawa, mikono yote grisi, tukabeba bawa moja moja hadi kwenye trela, na wakati tunafunga mlango akaniambia, "Nimepata hewa kumi na moja kwenye mguu ule, na kila nikimaliza kupanda naona nimerudishwa nyuma." Usiku tukaangalia matokeo, zile glaida mpya karibu zote zilifika nyumbani.

Kwani hendikapu haikusawazisha? Haikusawazisha, na haiwezi, na hapa naomba mtu achukue kalamu. Tuseme siku haina upepo, glaida ya zamani wastani wake ni kilomita 60 kwa saa, ya kisasa 80. Hendikapu ikipangwa kwa tofauti hiyo wote wanatoka sawa, safi kabisa. Sasa weka upepo wa kilomita 30 unaokuja usoni. Ya zamani inabaki na 30, ya kisasa inabaki na 50. Ukichukua hiyo 50 ukaipunguza kwa hendikapu ile ile unapata 37 na nusu, dhidi ya 30 ya mzee wangu. Wametofautiana kwa robo nzima na hakuna rubani aliyefanya kosa lolote! Upepo unamwibia mwenye glaida ya polepole zaidi kuliko mwenye ya haraka, na kadri glaida zinavyotofautiana ndo wizi unakua mkubwa. Zikiwa zinakaribiana, tofauti ya asilimia chache, hesabu haiharibiki sana. Kwa hiyo hendikapu inafanya kazi kwenye orodha nyembamba tu, na anayeipanua orodha katikati ya safari amebadilisha mchezo wenyewe.

Na huu ugomvi haukuanza jana. Kwa Olimpiki ya 1940, ambayo ilikua ifanyike Finland, waliamua kila rubani arushe glaida ya aina moja, wakazijaribu Sezze kule Italia mwaka 1939, ikachaguliwa ile ya Mjerumani Hans Jacobs, ya mita 15, ikaitwa Olympia Meise, na michoro igawiwe kwa nchi zijenge zenyewe. Vita ikaua Olimpiki na wazo likafa nayo. Naamini ata leo kwamba ndo lilikua wazo la haki kuliko yote yaliyofuata.

Baada ya vita ikaja klasi ya standadi, mita 15, gurudumu lisilokunjwa, hakuna flapu, yaani vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoinama, hakuna maji, lengo iwe rahisi watu wanunue. Ka 6 ndo ilitamba hapo, Heinz Huth alishinda nayo ubingwa wa dunia 1960 na 1963, na zilijengwa Poppenhausen, chini ya mlima Wasserkuppe, si mbali na ninapoishi. Alafu taratibu sheria ikalegezwa, gurudumu likakunjwa, maji yakaruhusiwa, mwisho flapu zikaingia kwa mlango wa breki, yaani sheria ilisema flapu iwe breki ya kutua tu, wajenzi wakaitumia pia kuongeza kasi. Helmut Reichmann akachukua ubingwa wa 1974 kule Waikerie, Australia, na LS2, Ingo Renner akachukua wa 1976 Räyskälä, Finland, na PIK-20, zote mbili glaida zenye flapu. Siwalaumu, walirusha kilichoruhusiwa na walikua marubani wakubwa. Lakini aliyekua amejinyima akanunua glaida ya standadi bila flapu miaka miwili mitatu nyuma alijikuta amebaki na kitu kisichoshindana, na baadae ikabidi klasi zigawanywe, zenye flapu zikaenda mita 15, zisizo na flapu zikabaki standadi.

Wakajaribu tena glaida ya aina moja, PW-5 ya Politekniki ya Warsaw, ndogo, mita 13 na nusu hivi, ubingwa wake wa kwanza Uturuki 1997. Haikudumu. Watu walikua wanaona kwa hela hiyo hiyo mtu anapata Standard Cirrus iliyotumika na inafika mbali zaidi. Wengine wanasema hiyo ni dalili kwamba marubani hawataki usawa. Mimi sikubali, marubani walikua wanataka usawa na pia wanataka kuruka mbali, na glaida za zamani zilizopo tayari kwenye mabanda ya klabu ndo zinazowapa vyote viwili, ilimradi zilindwe.

Sasa nataka nini. Nataka orodha ya glaida itoke siku ile ile fomu zinapofunguliwa na isiguswe tena hadi mashindano yaishe, wachache wakijiandikisha basi mshindane wachache, au hao wa glaida mpya wapewe matokeo yao pembeni na kikombe chao, hakuna atakayelia. Nataka orodha iwe nyembamba juu na chini. Najua hapo kwa chini najikata mwenyewe, manake kuna mashindano ambayo Ka 6 haitaingia, na nimeongea na mzee akasema ni bora akataliwe mwezi wa kwanza kuliko akubaliwe alafu adanganywe mwezi wa saba. Na panapokua na mchanganyiko wa glaida basi siku za upepo zitumike njia za maeneo, zile ambazo mnapewa muda, tuseme masaa matatu, na kila rubani anachagua mwenyewe ataingia umbali gani ndani ya kila eneo, hapo wa polepole anageuka mapema na bado anarudi nyumbani.

Na mizani! Mizani itolewe kila asubuhi. Glaida nzito inashuka kwa pembe ile ile ila kwa kasi zaidi, kama lori lenye mzigo kwenye mteremko, na siku ya hewa nzuri hiyo ni faida kubwa, ndo maana kwenye klasi nyingine utaona watu asubuhi wanajaza lita mia na zaidi za maji kwenye mabawa. Klasi ya klabu maji ni marufuku, sawa, lakini kama hakuna anayepima hiyo marufuku ni ya karatasi. Kupima glaida moja sio kazi ya siku nzima, unaivuta juu ya mizani, unaandika, unaondoka.

Kuna atakayeuliza hii inamhusu nini msomaji wa gazeti la Kiswahili. Inamhusu kijana wa Mweiga. Mashindano ya dunia yalishakuja Afrika, Mafikeng, Afrika Kusini, mwaka 2001, na Potchefstroom kule kule kuna kiwanda cha ndugu wawili Jonker, glaida yao JS1 iliruka mara ya kwanza 2006 na glaida zao leo zinaogopwa na Wajerumani wenyewe. Hewa ya kwetu ni nzuri, nawaambia nikiwa nimeruka Ulaya miaka yote hii. Lakini kijana wa kwetu akija kushindana siku moja hatakuja na JS1, atakuja na glaida ya klabu ya miaka arobaini iliyonunuliwa kwa michango, na mlango atakaopitia ni huu wa klasi ya klabu. Mkiacha upanuliwe kila walio na hela wanapotaka kuingia, mmemfungia yeye. Tulivyobishana miaka ile viatu vya wakimbiaji wetu visizidi milimita 40 za soli, mimi pia nilibishana, ugomvi wenyewe ndo huu huu.

Sasa hivi Ka 6 iko karakana, tumevua kitambaa cha bawa la kushoto tunabadilisha, na fomu ya mashindano ya mwakani iko juu ya benchi la fundi haijasainiwa. Mzee kasema tusubiri tuone orodha kwanza.

Wenu,
Msomaji wa Mweiga, sasa Hesse, Ujerumani