Ukifunga Weber kwenye Datsun 240Z, kumbuka injini nayo inapumua

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenye Datsun 240Z pamoja na mafundi wao. Gari hili lilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, likarudia mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, na mpaka leo lina wapenzi wengi hapa Afrika Mashariki. Wengi wao hung'oa kabureta mbili za Hitachi zilizotoka nazo kiwandani na kufunga kabureta tatu za Weber, aina ya DCOE 40. Uamuzi huo siupingi. Weber tatu zikisetiwa vizuri, injini ya gari hili, L24, huvuta kwa raha. Ninachopinga ni hali ya zile hozi mbili za kupumulia injini zinazobaki zikining'inia baada ya kazi, ambazo gereji nyingi huziziba kwa bolti, au huzivalisha vichujio vidogo vya kung'aa na kumkabidhi mteja gari lake.

Tuanze na jinsi Nissan walivyoipanga. Hata ringi za pistoni zikiwa mpya, kila mlipuko husukuma gesi kidogo chini hadi kwenye chumba cha krenki. Gesi hiyo ina mvuke wa maji, petroli isiyoungua na tindikali. Ubavuni mwa bloku, chini ya menifoldi (mabomba yanayopeleka hewa na petroli kwenye silinda), kuna bomba la chuma. Hozi hutoka hapo hadi kwenye valvu ya PCV, yaani valvu inayopitisha gesi ya chumba cha krenki, iliyofungwa kwenye bomba la kuunganisha pande mbili za menifoldi. Hozi ya pili hutoka kwenye kava ya tapeti hadi kwenye boksi la chujio la hewa. Mvuto wa menifoldi hunyonya gesi chafu kupitia bloku, na hewa safi iliyochujwa huingia kupitia kava kujaza nafasi yake. Ukikanyaga mafuta hadi mwisho mvuto hupotea, na gesi ya ziada hurudi nyuma kupitia kava hadi kwenye boksi la hewa, ikanywewa na kabureta na kuungua.

Weber zikifungwa, bomba la kuunganisha menifoldi linaondoka pamoja na makao ya PCV, na boksi la hewa nalo linaondoka. Ncha zote mbili za mfumo zimekatwa kwa siku moja, na anayeuza kabureta na menifoldi mara nyingi haweki hata klampu moja ya kuziunganisha upya.

Ukiziba, gesi itatafuta njia yake. Huanza na gasketi ya kava ya tapeti, kisha dipstiki husukumwa juu kidogo kidogo na kurusha oili, na mwisho ni sili ya nyuma ya krenki. Oili ikipita hapo hulowesha klachi, klachi ikaanza kuteleza, na mwenye gari akauziwa klachi mpya na sili mpya. Baada ya muda mfupi inavuja tena, kwa sababu presha iliyoitoa sili ya kwanza bado imo ndani. Ndani ya kifuniko cha oili utaona utando mweupe mzito kama mtindi: hayo ni maji yaliyokosa pa kutokea, na oili ya namna hiyo haichukui muda kula beringi.

Ukiacha wazi na kuvalisha kichujio kidogo, presha hupungua lakini mvuto haupo. Mvuke wa maji na petroli hutoka kwa kusukumwa tu, na mwingi hubaki ndani hasa kwa gari linalotembea safari fupi za mjini. Kwenye L24 kuna hatari kubwa kuliko hiyo. Injini hii ina menifoldi ya hewa na ya ekzosi upande mmoja, moja juu ya nyingine, na lile bomba la bloku liko pale pale. Kichujio kilichochomekwa kwenye bomba hilo kikilowa, oili hudondokea ekzosi yenye moto mkali, huku juu yake kuna kabureta tatu zenye petroli. Namwomba kila fundi asichomeke kichujio hapo kamwe, hata kwa muda.

Njia ninayoipendekeza kwa gari la barabarani ni kurudisha PCV. Ugumu wake ni kwamba DCOE tatu humpa kila silinda koo lake na njia yake ya hewa. Ukichomeka PCV kwenye njia moja tu, silinda hiyo hupata hewa ya ziada kwenye silensa (injini ikizunguka bila kukanyaga mafuta), mchanganyiko wake unakuwa mwepesi, injini inatetemeka na plagi yake inashika oili. Tena mvuto wa njia moja huja kwa mapigo, na valvu itagonga bila kutulia. Inabidi uvute kutoka njia zote 6.

Ng'oa menifoldi kabla ya kutoboa chochote. Chembe za alumini zikiingia kwenye silinda huna njia nyepesi ya kuzitoa. Kila njia itobolewe upande wa juu, kati ya kabureta na kichwa cha silinda, pale ukuta ulipo mnene. Tumia keekee ya mm 5, kata uzi wa M6, na funga nipo (kibomba kifupi cha kuvalisha hozi) yenye tundu la mm 3. Matundu 6 ya mm 3 yana eneo la tundu moja la mm 7 na ushee, linalotosha valvu ya injini hii. Usiyapanue: njia zikiunganishwa kwa matundu makubwa, kabureta moja huanza kuvuta kupitia nyingine na wepesi ulioulipia unapotea. Kwenye uzi paka gundi isiyoyeyuka kwa petroli. Ile tepu nyeupe ya mafundi bomba iache, maana vipande vyake huishia ndani ya valvu.

Hozi hizo 6 ziingie kwenye bomba moja la alumini lenye kipenyo cha ndani cha mm 20 hadi 25, lililozibwa ncha zote mbili. Bomba hilo ndilo linalotuliza mapigo. PCV ifungwe hapo, na hozi yake ishuke hadi kwenye bloku. Nunua valvu ya L24 yenyewe. Zote zinafanana kwa nje, ila springi na sindano ya ndani hutofautiana, na ya injini ndogo haitafunguka vya kutosha ukiwa mwendoni. Busta ya breki ipewe mvuto wake pembeni, ikiwa na valvu yake ya kuzuia kurudi, ili mvuke wa oili usiifikie diaframu.

Asitokee mtu akaunganisha bloku na menifoldi kwa hozi tupu bila valvu. Kwenye silensa mvuto wa injini nzima ni kama inchi 15 hadi 20 za zebaki. Hozi tupu itanyonya hewa nyingi mno pamoja na oili. Na kabureta ikipiga chafya, moto una njia ya moja kwa moja hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. PCV hujifunga yenyewe presha ikija kinyume.

Upande wa kava ya tapeti ndipo vumbi letu linapoingia. Hewa inayopita hapo haikutani na kitu kingine kabla ya kufika kwenye oili, kwa hiyo vumbi la murram lililopita hapo linakwenda moja kwa moja kwenye kemu (shafti ya kufungulia valvu) na beringi. Kama Weber zako zina boksi la chujio, chomelea nipo nyuma ya boksi, upande wa hewa iliyochujwa. Kama kila koo lina chujio lake, weka chujio la karatasi lililofungwa vizuri, mbali na ekzosi, na ulibadilishe kila unapobadilisha oili. Hozi isipunguzwe upana, kwa sababu ukikanyaga hadi mwisho gesi hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Hozi zote ziwe za kustahimili oili. Ya hita au rejeta huvimba na kulainika ndani ya miezi, kisha hujikunja na kuziba yenyewe pasipo mtu kuona. Ukishafungua, osha pia bomba la bloku na waya wa kuchuja ulio ndani ya kava kwa mafuta ya taa. Mara nyingi utakuta umejaa masizi magumu.

Gari la mashindano lenye kemu kali lina mvuto hafifu kwenye silensa, na PCV haiwezi kufuata. Hilo lipewe tangi la kukusanyia la lita 1 hadi 2, lenye vibati vya kuzuia ndani na nyuzi za chuma kisichoshika kutu, hozi mbili pana zikipanda mfululizo bila bonde la kushika maji. Kilichokusanyika kimwagwe. Kina maji na petroli, kisirudishwe kwenye injini.

Kabla ya yote pima kompresheni. Ringi zikiwa zimekwisha, hakuna hozi itakayokuokoa.

Kupima kama kazi imefaulu si ghali. Chukua mpira mwembamba wa plastiki inayoonyesha, ukunje umbo la U, tia maji, na ncha moja uichomeke bila kuvujisha kwenye tundu la dipstiki. Injini ikiwa na joto na kwenye silensa, maji yapande kidogo upande wa injini. Yakisukumwa upande wa pili kuna presha, na mfumo haujafanya kazi. Kisha bana hozi ya PCV kwa koleo: silensa inapaswa kubadilika. Isipobadilika, valvu imeganda au hozi imeziba.

Setingi ya Weber ifanywe upya baada ya hapo. Linganisha kwanza makoo yote 6 kwa kipimo cha hewa huku nipo zimezibwa, kisha unganisha hozi na urudie skrubu za mchanganyiko moja moja. Gari likikosa silensa au likipiga chafya unapoanza kukanyaga, jeti ya silensa ya 50 inaweza kuhitaji kupandishwa hadi 55.

Mpenzi wa magari ya zamani,
Nairobi